Majina Manne Chini ya Kapo

Kijiwe chetu cha Kasha, mtaa wa Bukavu, ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mbele ya parcelle yetu, kiwanja chetu, na ukikaa pale macho yako hayana pengine pa kwenda: mbele yako iko gari ya papa, baba yangu. Coupé nyekundu, milango miwili, aliinunua Bujumbura enzi za ujana wake, alipokuwa na mshahara na viatu vya kung'aa. Ni miaka kumi haijatoka pale ilipo. Lakini kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa ya pili, saa tano kamili, papa alikuwa anafungua kapo, kile kifuniko cha moteri, anagusagusa waya zake, halafu anawasha. Dakika kumi tu, kisha anazima. Kijiwe chote kilikuwa kinanyamaza kusikiliza. Leo ni siku ya Mungu ya tatu gari haijalia, tangu tuisafishe moteri yake. Kapo iko wazi, moteri inang'aa kama sahani ya padri, na wanaume watatu wanakunywa kahawa ya Maman Eulalie, muuzaji wetu, huku wakitafuta wa kumtupia kosa. Mimi ni Bibiane, mwaka wa tatu wa sheria. Hapa wananiita Objection, yaani Pingamizi. Wanadhani ni matusi.

— Ni delko, akasema Delko.

Delko ni Edouard, fundi wa mtaa. Ile kopo inayogawa umeme kwa moteri inaitwa delko, na yeye hajawahi kuona ugonjwa mwingine. Bibi yake alipopata malaria, majirani wanaapa alisema ni delko.

— Delko imeingia maji. Nilisema toka siku ya kwanza.

— Objection, nikasema. Delko tuliifunika na sashe mbili za plastiki, na wewe mwenyewe njo ulifunga na mpira. Alternateur, sashe. Mahali pa kupitisha hewa, sashe. Tulipiga brosi na esansi kidogo, tukapitisha sabuni, tukapanguza, tukaiacha ku jua masaa mane. Hayo maji yaliingilia wapi?

— Maji iko na akili, Objection.

— Preuve? Ushahidi uko wapi?

— Ya huku Bukavu iko na akili kupita batu.

Tonton Puits akacheka mpaka akakohoa. Jina lake ni Emile; puits ni shimo. Alishinda miaka tisa ndani ya mashimo ya dhahabu ya Luhwindja, akarudi na kikohozi, na tangu hapo kila jambo la dunia analipima kwa shimo.

— Miye naona mulichimba mingi, akasema.

— Nani alichimba, tonton? Tulisafisha.

— Njo ile ile. Kule Luhwindja, shimo ikisimama miaka, ni ule uchafu wake njo unaishika. Ukikwangua ukuta sababu iko mubaya kwa macho, ukuta inashuka, inakufunika na pelle yako ya kuchimbia mukononi. Ile mafuta na vumbi ilikuwa inashika moteri. Mulitoa nguzo.

— Moteri ni chuma, tonton. Imefungwa na bulo na nati.

— Na sisi tulikuwa tumefunga na miti. Nenda uulize benye balibakia ndani kama miti ilisaidia.

Delko akamaliza kikombe, akaingia ndani ya gari, akageuza ufunguo. Gari ikakohoa mara mbili, ikatema moto mdogo kupitia juu, ikanyamaza. Alitoka akipangusa mikono ambayo haikuwa michafu.

— Batri imebakia na mara moja, akasema. Labda.

Niseme hapa kile ambacho kijiwe hakitaki kusema kwa sauti. Papa yangu, Papa Akonkwa, anasahau. Alianza kusahau funguo, akaja kwenye siku, akafika kwa watu. Daktari mmoja wa Ibanda alituambia dawa ya kurudisha hana. Tumuachie kazi ambayo mikono yake inaijua. Mikono yake ilijua moteri. Siku ya Mungu, gari ikiwaka, papa alikuwa papa: anaita kila mutu kwa jina, anamtukana Delko kama zamani, ananiuliza examen ilikuwaje na hakubali jibu fupi. Dakika kumi za papa kwa juma zima. Hizo ndizo tulizosafisha. Na leo tangu asubuhi amevaa koti lake la misa, amekaa kwenye kiti cha nyuma ya nyumba, anangoja kitu na hajui ni nini.

— Mimi nauliza jambo moja, akasema Papa Radio.

Papa Radio ni Jean-de-Dieu, mwalimu aliyestaafu. Sikio lake la kushoto halijaachana na redio ndogo tangu vita ishuke mjini.

— Maji mulitoa wapi?

— Robinet ilikuwa kavu, nikasema. Tulipandisha bidon tatu kutoka ziwa.

— Haya! Ziwa iko na gaz. Redio ilisema. Gaz nyingi, mpaka batu banatengeneza nayo umeme upande ule. Munasafisha moteri na gaz, moteri inaonja gaz. Sasa munaipa esansi, inakataa. Ni kama mutoto ameshaonja soda, umurudishie maji.

— Papa Radio, ile gaz iko mita mia tatu chini. Bidon inazama mpaka hapa, ku kiwiko.

— Ulipima?

— Wewe ulipima?

— Redio ilipima.

Maman Eulalie akamwaga kahawa bila kuulizwa. Yeye huwa anasikiliza na mgongo. Thermos yake kubwa ilikuwa imeinama sana, na niliona anaipima kwa mkono kama mama anayemnyanyua mtoto mgonjwa.

— Basi si gaz, akasema Papa Radio. Twende juu. Zile ndege hazina rubani. Zikipita, zinatafuta kitu yenye kung'aa. Miaka kumi hii gari ilikuwa chafu, juu hapakuwa mutu anajua kama iko. Mukaing'arisha. Sasa inaonekana. Kila saa tano, mutu kule juu anafinya bouton, tac, moteri inalala.

— Coupé ya Kasha? Na batu banakufa?

— Vita haina akili, mademoiselle. Ni wewe unatafuta akili ndani.

Hilo likaniudhi kuliko lile la gaz.

— Musiende mbali, akasema Puits, sauti chini. Ni harufu. Moteri ilikuwa na harufu ya muzee. Jasho yake, mikono yake, tumbaku yake ya zamani kabla aache. Mulitoa harufu ya mwenye mali. Hata mbwa, ukimuosha hivi, analala inje siku mbili mbele ya kuingia tena nyumbani.

— Tonton, gari haina pua!

— Sasa mbona imekataa?

— Munataka ukweli ya fundi? Delko akasimama. Nitasema, halafu mutanichukia. Mimi nimeangalia ndani sasa kila kitu inaonekana. Delko ni ya minibus, imefungwa upande, alama zote za juu ni uongo. Pompe ya esansi ni ya pikipiki. Karbirateri ilikuwa ku gari ya ONG, ya bale ba misaada. Waya ni ya telefone. Kwa fundi mwenye alisoma, hii gari haiwezi kuwaka. Haijawahi kuwaka.

— Tuliisikia miaka kumi!

— Tulisikia. Nakubali tulisikia. Lakini haijawahi kuwaka.

Wakarudia vikombe vyao wote watatu, kama watu waliofika mwisho wa barabara na kukuta hakuna daraja. Nilitaka kupiga makelele. Katika auditoire ya chuo nimeshawahi kumsimamisha assistant kwa swali moja. Hapa, watu wazima watatu walikuwa wanaizika gari ya papa kwa gaz, kwa ndege, kwa pua, na hakuna hata mmoja anayeshika tournevis au spana.

— Na bile bitambaa? akauliza Maman Eulalie.

Hakuinua kichwa. Alikuwa anapuliza makaa.

— Vitambaa gani, akasema Delko, na alijua.

Kwenye waya nne nene, zile zinazotoka delko kwenda kwenye buji, plagi za moteri, papa alikuwa amefunga vipande vinne vya kitenge. Kitenge cha mama, kile cha njano alichokivaa mwaka wake wa mwisho. Juu ya kila kipande aliandika kwa kalamu ya bic, miaka miwili iliyopita, alipoanza kujiona anapotea, majina yetu sisi watoto wake: Cédric. Françoise. Josué. Bibiane. Delko ile ya minibus ilikuwa imefungwa upande, kwa hiyo alama za kiwanda hazikumsaidia. Majina ndiyo yalisema waya gani uende wapi. Kila siku ya Mungu alikuwa anachomoa waya zote nne na kuzirudisha. Anashika kitambaa cha kwanza, anasoma kwa sauti. Cha pili, anasoma. Sisi tulidhani anatengeneza gari.

— Nani alisema vitoke? akauliza Maman Eulalie.

Puits akaangalia barabara. Papa Radio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akazima redio.

— Ilikuwa hatari ya moto, nikasema. Kitambaa chenye mafuta, kando ya moteri yenye joto. Kila mutu anajua. Nilitoa arguments tatu.

— Zilikuwa nzuri, akasema Delko.

— Zilikuwa za kweli!

— Ndiyo. Na mimi nilisema, tuache, ni vitu ya muzee. Hukumbuki? Ukaniuliza: preuve?

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata vile nilivyonyoosha kidole.

— Viko wapi? nikauliza. Tutavifua. Bic inaweza kubakia.

Maman Eulalie akagusa mbabula, jiko lake la makaa, kwa ncha ya kiatu.

— Siku ile mulinipa fungu moja ya bitambaa, makaa yangu ilikuwa na maji. Ilishika moto mbio sana, mafuta ilikuwa ndani. Kahawa mulikunywa wote. Wewe ulikunywa vikombe mbili, mwanangu.

Hakuna aliyesema delko.

Ilikuwa saa tano kasoro kidogo. Siku ya kusafisha tulichomoa waya zote, na bila majina hakuna aliyejua ipi irudi wapi. Ni mimi niliyeanza kuhesabu: waya nne, mipango ishirini na nne. Delko alikuwa ameshajaribu tisa. Na batri, mara moja.

— Tufuate kuzaliwa, nikasema. Cédric kwanza.

— Njo nilianzia pale, akasema Delko. Haikukubali.

— Basi alphabet, akasema Papa Radio. Muzee alisoma kwa mapadri. Bibiane mbele.

— Alphabet ya nini! akasema Puits. Mutu mwenye anasahau anaanzia ku ile anaogopa kusahau zaidi. Objection, ninyi wane, ni nani muzee alikuwa anamusahau zaidi?

Cédric yuko Kampala. Françoise ameolewa Uvira, na tangu barabara ibadilike kwa vita hatumuoni. Josué hatujui aliko. Mimi ndiye niliyekuwa nampikia, na wiki iliyopita aliniita Françoise siku tatu mfululizo.

— Miye, nikasema.

Delko akainama. Akaupeleka waya wa kwanza mahali fulani, akaniangalia kama anaomba ruhusa, akapanga na mingine. Akaingia, akafunga mlango pole pole, akageuza ufunguo.

Tac.

Mara moja. Halafu hata hiyo tac haikurudi tena.

Lango la parcelle likalia. Papa alikuwa amesimama pale na koti lake la misa, kifungo cha juu kimeingia tundu la pili. Wanaume wakasimama kutoka kwenye ubao. Alipita katikati yetu akisalimia kwa kichwa, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kapo, na mkono wake ukashuka wenyewe, bila kutafuta, kwenye ile waya ya kwanza. Vidole viwili vikabana hewa mahali kitambaa kilipokuwa. Vikafunguka. Vikabana tena. Nilisikia nafsi yangu inasema ndani, soma, papa, soma, kana kwamba palikuwa na kitu.

Kisha akarudisha mkono mfukoni na kuinama aone vizuri, kwa adabu, jinsi mtu anavyoangalia mali ya mwingine.

— Moteri safi, akasema. Safi kabisa.

— Ndiyo, papa, akasema Delko.

— Mwenyewe ni mutu wa makini. Leo hakuna tena batu ba namna hii.

Maman Eulalie alikuwa ameinamisha thermos juu ya kikombe, kikombe cha mgeni. Matone mawili yakatoka. Akaendelea kuinamisha.

Papa akageuka, akatuangalia mmoja mmoja, akasimama kwangu, kwa sababu nilikuwa karibu.

— Mademoiselle, munisalimie huyo mwenye gari. Anaitwa nani?