Bi Rudia Anatuachia Chembe Zake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mkuu wa maabara yetu ya nanoteknolojia anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake lipo kwenye mlango wa ofisi, lakini hapa kazini hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Bi Rudia, na mwenyewe huitika. Ukimpelekea majibu mabaya, atakwambia rudia. Ukimpelekea majibu mazuri, ndiyo kabisa, atakwambia rudia mara mbili.

Alianza kama mkemia kijana, katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Wakati huo ukitamka neno nanoteknolojia, watu walidhani ni aina mpya ya redio. Yeye akaling'ang'ania. Chembe anazotengeneza ni ndogo kiasi kwamba zaidi ya elfu moja zinaweza kujipanga kukatiza upana wa unywele mmoja. Lengo lake toka mwanzo lilikuwa hilohilo: chembe za dhahabu zibebe dawa ya saratani hadi kwenye uvimbe wenyewe, ili mgonjwa asinyonyoke nywele na kutapika kutwa kwa dawa iliyosambaa mwili mzima. Dada yake alipitia hayo. Hayazungumzii sana, nasi hatumchokonoi.

Hilo neno dhahabu limemtesa, maskini. Shemeji yake alifunga safari hadi hapa kuulizia pete. Akaonyeshwa kichupa cha maji mekundu kama juisi ya zabibu, akaelezwa kuwa hiyo ndiyo dhahabu, ikiwa ndogo namna hiyo hubadilika rangi. Aliondoka amenuna, na mpaka leo anaamini anafichwa. Wakati dhahabu tunayotumia mwaka mzima haitoshi hata hereni moja!

Ndani ya chumba safi, kile kisichotakiwa hata chembe ya vumbi, ni mtata. Marashi marufuku, losheni marufuku, na kicheko kikubwa karibu na hadubini marufuku, maana picha hutikisika. Mimi ndiye mwendesha hadubini, na kwa kosa hilo la mwisho nimetolewa nje sijui mara ngapi. Ajabu ni kwamba mwenye kicheko kikubwa kuliko sote ni yeye, ila yeye hutoka kwanza koridoni, anacheka mpaka anamaliza, kisha anarudi na uso mkavu kama hakimu.

Lakini kama kuna siku moja ya kusimuliwa leo, ni ile ya keki. Tulikuwa tumezifunga chembe zetu rangi inayong'aa ili tuone zinakokwenda. Tulipoziweka kwenye seli za saratani, seli ziliwaka zote, lo! Tukapiga makofi. Mkurugenzi akaagiza keki, ripoti ikapelekwa kwa wafadhili, na minong'ono ikawa kwamba kiti cha naibu mkurugenzi ni cha Bi Rudia. Yeye alikula kipande chake, akafuta mikono, akarudi maabara. Akazizungusha chembe kwenye mashine hadi zikatuama zote chini. Maji ya juu, ambayo hayakupaswa kuwa na kitu, yakabaki yanang'aa. Rangi ilikuwa imebanduka. Iliyoingia kwenye seli ilikuwa rangi tupu, na dawa hatukujua iko wapi. Keki nzima tulikuwa tumeila kwa ajili ya rangi!

Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuliza. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mkurugenzi akaomba ripoti irudishwe. Wafadhili wakasimamisha mradi, cheo kikaenda kwa mwingine, na wapo waliompita koridoni kama hawamwoni. Mumewe, fundi cherehani, alituambia baadaye kwamba siku hizo mkewe alikuwa akikaa jikoni analia, chai inapoa mbele yake. Hapa kazini hatukuona hata chozi. Tulisikia neno lake lilelile tu.

Na kweli akarudia. Ilimchukua miaka kupata namna ya kuifunga rangi isibanduke, na namna ya kuipima dawa yenyewe badala ya kuitazama rangi. Safari hii chembe zilizoingia zilikuwa chache kuliko zile tulizozishangilia, lakini ziliingia kweli, na dawa ikiwa ndani. Maabara nyingine zikajaribu, zikapata yaleyale. Ndipo hospitali ikakubali kuanza majaribio kwa wagonjwa wachache, kwanza kuona kama dawa ni salama.

Wagonjwa hao wanaanza Agosti. Yeye anaondoka Juni. Tulimsihi aombe kuongezewa muda, akakataa katakata. Alisema aliyeitengeneza dawa asikae karibu mno na wanaoipima, kwani macho yake yataona anachokitamani. Inamuuma, na sisi inatuuma.

Bi Rudia, asante kwa ukali wako na kwa moyo wako. Mumeo anasema ameshakununulia cherehani ya pili, nasi tunampa pole mapema kwa mishono atakayoamriwa kufumua. Tunakutakia afya tele, usingizi wa kutosha na wajukuu wa kukuchosha kwa raha. Majibu ya wagonjwa yakitoka, tutakuja kwako kabla hatujamwambia mtu mwingine. Yakiwa mazuri, tutakwambia. Yakiwa mabaya, tutakuja vilevile, tena wote, na tutakwambia hivyohivyo yalivyo.