Waridi Limeshuka

Basi lilipoondoka tu, muuza vitambaa aliyekaa mbele yangu alimgeukia jirani asiyemjua. “Dada, unasikia harufu hiyo? Waridi na yasmini! Mwenyewe lazima mpole, machozi yake yako karibu, ukimpa ua anazimia!”

“Mpole wapi!” akaruka jirani, msusi. “Wateja wangu wa waridi nawajua. Jeuri hao! Wakiingia ukweni, hata baba mkwe anasimama!”

Wakabishana mpaka kondakta akasahau kutaja vituo. Mimi, fundi magari, nilikuwa nakwenda kujitambulisha ukweni, na ili nisinuke grisi nilikuwa nimejimwagia marashi ya dada yangu.

Basi likasimama. Nikashuka, harufu ikanifuata. Vichwa viwili vikachomoza dirishani: “Kaka! Kumbe ni wewe? Haya sema, mpole au jeuri?”

Machozi yalikuwa karibu kweli. Nikaligonga lango la wakwe kwa ngumi.