Shina la Mtama Asilopewa Dunstan

Wasikilizaji wapendwa, hodi majumbani mwenu. Leo tunamkumbuka Bibi Hajira binti Mdoe, mkulima wa Kwaluguru, Handeni, aliyezikwa Alhamisi. Waliomjua watawaambia alikuwa mkarimu. Ni kweli. Lakini alikuwa pia na kinyongo, nami nitakisimulia bila kukipunguza hata chembe, maana kilikuwa cha haki.

Bibi Hajira alilima mtama usiopandwa kila mwaka. Narudia: usiopandwa kila mwaka. Wakati wa kuvuna alikata bua, akaacha shina la urefu wa kiganja. Mvua ikigusa ardhi, shina linachipua, kwa sababu mizizi ipo bado, chini kabisa kwenye unyevu. Mashina hayo aliachiwa na mama yake. Lililochoka, pengo lake alilijazia kwa chipukizi la shina jingine.

Mwaka 1973, vijiji vya ujamaa vikipangwa, akaja bwana shamba aitwaye Dunstan. Huyu alitokea kwenye pamba, na kwenye pamba sheria ni moja: ukishavuna, ng'oa, choma, wadudu wafe. Alipoona mashina ya mtama akadhani ni uchafu uleule.

"Wewe mama, huu ni uvivu," alimwambia mbele ya mkutano wa kijiji. "Ng'oa yote kesho. Hapa tunapanda mahindi, kwa mistari."

Bibi Hajira alimweleza, hakusikilizwa. Mashina yaling'olewa, yakarundikwa, na kiberiti akalazimishwa kukiwasha mwenyewe. Binti yake, Fatu, anakumbuka: "Mama hakulia. Alimtazama yule bwana akasema, 'Utakuja kuyasalimia haya.' Tukajua uchungu umemvuruga akili."

Haukumvuruga. Kabla ya moto alikuwa ameficha mashina kumi na moja kwa shoga yake Nairesiae, mama wa kifugaji. Waliyafukia nyuma ya zizi la ng'ombe, mahali ambapo Dunstan hakanyagi, anaogopea viatu vyake. Kila msimu wanawake hawa wawili waliyapasua na kuyapanda upya. Kufikia 1975 yalijaza nusu eka.

Mwaka huo mvua ilinyesha siku nne, ikakata. Mahindi ya mistari yalikauka yakiwa ya magotini. Mtama wa Hajira ukakomaa. Alikilisha kijiji. Hata mke wa Dunstan na watoto walipelekewa unga. Dunstan pekee aliambiwa aje mwenyewe.

Akaja na kikapu. "Shikamoo, mama." Ndiyo mara ya kwanza anamwamkia.

"Usianze na mimi, baba. Anza na wale."

Akamwonyesha shamba. Dunstan akacheka, asipate wa kucheka naye. Basi akapiga magoti, wasikilizaji wapendwa, akaenda shina kwa shina, "shikamoo, shikamoo", mpaka suruali ikatoboka, kijiji kizima kikitazama. Ndipo akapewa ugali.

"Chakula nimempa," Bibi Hajira alimwambia Fatu jioni ile. "Msamaha sina."

Baadaye aliwagawia watu machipukizi, kutoka Kwaluguru hadi Kerenge kule Korogwe, kwa sharti moja: Dunstan asipewe. Miaka kumi imepita, hakuna aliyelivunja. Ningekuwa mimi, nisingelivunja pia.

Alhamisi Dunstan alikuja mazikoni. Amestaafu, anaishi Manundu. Mkononi alikuwa na kopo lenye udongo. Aliomba shina moja tu. Mbaruku, kitinda mimba wa marehemu, alimjibu kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee. Mama hakuacha ruhusa."

Tunawapa pole Fatu, Mbaruku, na Mama Nairesiae aliyebaki bila shoga. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Nanyi mnaonisikiliza, kabla hamjang'oa cha mtu, muulizeni kwanza kinaishije.

Na wewe, mzee Dunstan, najua redio unayo. Vuli imeanza juzi. Kwaluguru mtama umeshachipua. Kopo lako bado lina udongo mtupu.