Nusu ya Ndevu

Benchi la nje kwa kinyozi lina kasoro moja, na wenyewe wameizoea. Miguu yake imeingia ndani mno, kwa hiyo wa ncha hii akiinuka ghafla, wa ncha ile anajikuta chini na kikombe chake. Ndiyo maana pale kuna sheria: huondoki mpaka useme "nanyanyuka", wenzako wakajishika. Lilitengenezwa kwa mabaki ya mbao, bure, na seremala wa mtaa, mtu anayeitwa Ndevu kwa sababu ambayo hata mtoto angeiona, naye ameahidi kulirekebisha tangu siku ileile alipolileta. Asubuhi hiyo walikuwepo Soli, fundi viatu, na kisanduku chake cha gundi na misumari. Profesa, karani mstaafu ambaye chuo alikiona kwa nje tu akipita. Na Shangazi mwenye birika la kahawa, ambaye huwa anamtazama vibaya mteja asiye na la kusema. Pembeni yao alikaa dada mmoja mgeni mtaani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akisubiri kisigino kigongwe. Mada ilikuwa Ndevu. Wasichokijua ni kwamba Ndevu mwenyewe alikuwa nyuma ya dirisha, karibu kabisa na visogo vyao, amelazwa kwenye kiti cha kinyozi.

Aliingia kwa mlango wa uani. Alisema "Toa zote," basi, na Kinyozi, aliyezichonga zile ndevu miaka nenda miaka rudi, alitaka kuuliza, akameza maneno, akachukua mkasi. Kinyozi huyu ana mtindo wake: humaliza upande mmoja mpaka ung'ae, ndipo ahamie wa pili. Upande wa kushoto ulikuwa unamaliziwa kwa wembe. Wa kulia ulikuwa chini ya taulo la moto, pamoja na macho. Chini ya kiti kulikuwa na begi lenye mashati na msumeno mdogo, na basi lilikuwa linaondoka adhuhuri.

Maana Ndevu alikuwa anadaiwa, na si deni la kutaniana. Alikopa mbao kwa mwenye duka la vifaa ili atengeneze madawati ya shule moja. Madawati yakachukuliwa, malipo yakawa ya njoo kesho. Akakopa kwenye simu ili ampoze mwenye duka. Akakopa kwingine ili alizime lile la simu. Mwisho akaenda kwa mkopeshaji, akaweka dhamana cherehani ya mkewe, mkewe hana habari, na Jumamosi walikuwa wanakuja kuibeba. Ndevu hakuwa akilala. Simu ilikuwa imezimwa, lakini bado aliihisi ikitetemeka mfukoni. Angeweza kuvumilia kutukanwa. Alichoshindwa kuvumilia ni kuwepo Jumamosi, mkewe anainuka kwenye kiti chake na wanaume wawili wanaishika ile mashine, kisha anageuka kumtazama yeye.

Basi akaamua asiwepo. Na kwa muda wote huo alikuwa na hakika kwamba benchi zima lilishajua, na kwamba lilikuwa linamcheka.

— Ni mwanamke, — ilisikika sauti ya Shangazi, na kahawa ikimiminwa. — Nawaambieni mimi, mtu mzima mwenzenu. Nimemsikia kwa masikio yangu kule kwenye kona, anaongea na simu amejipinda ukutani. "Naomba, nakuomba sana, nipe wiki moja tu." Mwanamume habembelezi hivyo bure.

Chini ya taulo, Ndevu aliikumbuka ile simu. Yule aliyebembelezwa alikuwa karani wa mkopeshaji, mwenye sauti nene kuliko yake.

— Mwanamke gani? — Soli alidharau. — Mimi sisikilizi maneno ya mtu, mimi naangalia soli. Zake zina tope jekundu. Tope lile liko kule nyuma kwenye mtaro peke yake. Sasa mtu mwenye njia kuu hapa, ina lami, anapita mtaroni kila siku kufuata nini?

— Kufuata nini?

— Anajenga! Kule nyuma kuna viwanja. Mwenzetu ana nyumba ya siri, vyumba vinne, labda na baraza. Hataki tumuombe hata mabati yaliyobaki.

Alikuwa anapita mtaroni ili asionekane na mwenye duka la vifaa. Ndevu alitaka kucheka, kicheko kikaishia puani, na Kinyozi akadhani ni wembe.

— Nimekukata?

— Hapana. Endelea.

Nje, Profesa alikohoa. Profesa akikohoa hivyo, watu hujiweka sawa.

— Nyinyi mnaona vidogo vidogo. Unganisheni. Mashine yake ya randa ilibebwa na gari, sivyo? Karakana imefungwa pazia. Nyundo haisikiki. Simu haipatikani. Hapiti barabara kuu. Jamani, huyu amechukuliwa.

— Na nani?

— Na wakubwa. Kuna kazi za seremala ambazo hazisemwi. Kiti maalumu. Chumba chenye mlango usioonekana. Wanakuapisha kwanza, wanakuchukulia mashine yako wanakupa ya kwao, na njia kuu huruhusiwi, kwa usalama wako. Mwakani mtasikia yuko ng'ambo anawatengenezea wafalme vitanda.

— Wafalme! — Shangazi alipiga paja. — Huyu aliyetutengenezea benchi la kuangusha watu?

— Ndiyo hiyo siri yenyewe. Alikuwa anajificha ustadi.

— Na kwake nyumbani? — Soli aliuliza. — Mkewe mbona bado anashona viraka?

— Mke haambiwi. Ni sharti la kwanza.

Walicheka. Ndevu hakucheka tena. Mashine ya randa aliiuza asubuhi moja, kwa bei ya kumtupia mbwa, na jioni fedha ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo waliiona ikibebwa. Waliyaona yote hawa watu: tope, pazia, kona, simu. Hawakuacha hata kitu. Yeye alikuwa akijikunyata miezi mitatu akiogopa kwamba wanajua, kumbe hawajui chochote, na badala ya kupata nafuu aliumia. Machozi yalimtoka na taulo likayanywa.

— Samahani, — alisema dada wa kiatu kimoja. — Huyo mtu anakaa mbali?

— Mbali wapi! Mlango ule pale, unakosikia cherehani. Ndiye mkewe anashona.

— Na huwa anakuja hapa?

— Kila siku! Zamani. Sasa anapita pita tu.

— Sasa mmeshamuuliza?

Nyundo ya Soli ilikaa juu ya kisigino.

— Kumuuliza nini?

— Ana nini. Au kama yuko salama.

Shangazi alifungua birika akachungulia ndani, akalifunga.

— Dada yangu, — Profesa alianza, — mtu mzima haulizwi ulizwi mambo yake.

— Nani alisema?

— Wahenga.

— Walisemaje?

Profesa, ambaye kwa kawaida ana mhenga wa kila jambo, alifungua kinywa. Siku hiyo hakuna mhenga aliyejitokeza.

Ndani, wembe nao ulikuwa umesimama. Kinyozi aliinama, akafunua taulo kidogo, akaona macho yaliyokuwa chini yake, na begi alishaliona tangu mwanzo.

— Kaka, — alisema kwa sauti ya chini, — hizi ndevu unazitoa za nini?

Lilikuwa swali dogo tu. Ndevu alitaka kusema "joto". Badala yake aliinuka, kitambaa cha kinyozi kikiwa bado shingoni, povu kwenye sikio, akatoka kwa mlango wa mbele.

Soli alipomwona aliruka, na kwa kuwa hakusema "nanyanyuka", Profesa aliyekuwa ncha ya pili alikwenda chini na kahawa yake. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanautazama ule uso, kulia msitu, kushoto shavu jeupe ambalo mtaa haukuwahi kuliona.

— Nadaiwa, — Ndevu alisema.

— Na nani? — Shangazi aliuliza.

— Na kila mtu. Jumamosi wanachukua cherehani ya mke wangu, hajui. Nilikuwa naondoka. Basi la adhuhuri.

Alidhani baada ya maneno hayo kutatokea kitu, labda mbingu zitashuka. Hakikutokea kitu. Shangazi alisogea, akapapasa benchi, Ndevu akakaa. Akawaambia yote, tangu madawati, na safari hii hakuna aliyemkatiza kwa nadharia.

— Fedha sina, — Shangazi alisema alipomaliza. — Nikikuambia ninayo nitakudanganya. Ila wakipiga simu, usiende tena kujibanza kwenye kona. Pokelea hapa, sisi tuko. Mtu akikutukana atatukana benchi zima.

— Mwenye duka la vifaa ni mteja wangu, — alisema Soli. — Kumi na moja jioni anakuja kuchukua viatu. Tukae naye pamoja. Sitasema kitu, nitapaka rangi tu. Lakini hutakuwa umekaa peke yako.

— Na hiyo shule, — dada aliuliza, — nani amekwenda kudai?

— Mimi.

— Peke yako?

— Peke yangu.

— Basi nendeni wengi. Mimi sina kiatu, la sivyo ningewasindikiza.

Ndevu alicheka, kidogo, ikamshangaza mwenyewe.

Profesa alikuwa bado chini. Alikuwa ameivua miwani na anaifuta kwa shati lenye kahawa, akizidi kuichafua.

— Usipande basi, — alisema.

— Profesa, deni hulijui wewe.

— Mimi nilipanda. — Hakumtazama mtu. — Mnadhani nilitoka wapi kuja hapa? Nilidaiwa, nikaondoka asubuhi nikasema naenda kazini. Nilikuwa na mke. Nikashuka hapa, nikakuta benchi. Huko uendako, kaka, utakuta benchi la watu wasiokujua, utakaa, utakuwa unawapigia uongo ili wasikuulize, wauzoee, mpaka wakupe jina.

Shangazi aliweka mkono mdomoni. Alikuwa amemuuzia kahawa miaka yote hiyo.

— Mkeo yuko wapi sasa? — Soli aliuliza, taratibu.

— Hilo ndilo sijui, — alisema Profesa. — Na sikuwahi kuulizwa.

Walimshika mikono wote wawili, Soli na Ndevu, wakamrudisha kwenye benchi. Shangazi aligawa kahawa iliyobaki, nayo haikufika nusu kikombe kwa mtu. Birika lilikuwa limekwisha.

— Sasa umwambie mkeo, — alisema dada. — Kabla ya Jumamosi.

— Najaribu kila jioni. Nafungua kinywa, naishia kuomba chumvi. — Ndevu alitazama mlango wake, ng'ambo ya barabara, na cherehani ilikuwa inakwenda bila kusita. — Sijui mtu anaanzia wapi.

Kinyozi alisimama mlangoni na wembe.

— Njoo basi nikumalizie. Huwezi kwenda kwako hivyo. Mama watoto akikuona hivyo si atauliza?

Ndevu alishika shavu la kushoto, kisha la kulia.

— Ndiyo, — alisema. — Acha hivihivi.

Kisha akasema, kama ipasavyo pale:

— Nanyanyuka.

Wakajishika wote. Akaliacha begi kwa Kinyozi, akavuka barabara kuu mchana kweupe, kitambaa bado shingoni, na mwenye duka la vifaa alisimama mlangoni pake akashindwa hata kumwita. Alikuwa na hofu ileile, lakini alisukuma mlango. Mkewe aliinua kichwa, akaondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza.

— Wewe, — alisema. — Una nini?