Leonsia Kashaija Hafuti Asichokijua

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Leonsia Kashaija, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Projest, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika Hospitali ya Mwambani, Ilemela. Kamati ya sherehe iliniomba niandike kwamba alikuwa mpole na msikivu. Sitaandika hivyo. Alikuwa mbishi, na ubishi wake ndio uliotuokoa.

Aliajiriwa mwaka 1991 kama karani wa masjala, akitokea Kamachumu na cheti cha uhazili na sanduku la bati. Alikuja na sheria yake moja: hakuna jalada linaloharibiwa kabla haijajulikana ni la nani na kuandikwa kwenye kaunta buku, daftari lake nene. Madaktari walimlalamikia sana. Wengine walimvizia saa ya chai ili watupe majalada ya zamani bila kuyaandikisha, wakamkuta anakunywa chai palepale mezani, funguo zikining'inia shingoni.

Mwaka 2014 hospitali ilifungua tovuti, na kwa kuwa hakuna aliyeitaka kazi hiyo, akatupiwa yeye. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Tulicheka, mimi nikiwemo. Akaenda kozi ya wiki sita, akarudi na kaunta buku mpya. Kila alipoondoa plagini, yaani vile vijiprogramu vinavyoongezwa kwenye tovuti ili ifanye kazi fulani, aliandika tarehe, jina, na safu ya mwisho aliyoiita “Kilichobaki”. Aligundua mapema kwamba plagini huondoka kama mpangaji mchafu: mtu kahama, lakini viatu na makopo yake bado yako chumbani.

Machi 2021 tovuti ikawa nzito mno. Wazazi wa Ukerewe na Ukara, ambao huweka miadi ya kliniki kwa simu kabla ya kupanda kivuko, walisubiri ukurasa ufunguke mpaka wakakata tamaa. Wengine walifika na watoto wagonjwa, wakakuta hawamo kwenye orodha. Mtaalamu akaletwa. Alisema kweli: kanzidata, ghala la taarifa za tovuti, ilikuwa imejaa masalia ya plagini zilizoondolewa zamani. Dawa yake ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja kinachofuta kila kisicho na mwenyewe. Uongozi ukakubali. Mama Projest akakataa kutoa neno la siri.

Kwenye kaunta buku yake palikuwa na mstari wa mwaka 2019: plagini ya zamani ya miadi imeondolewa, jedwali lake limebaki, na fundi Mayala ameliunganisha na orodha mpya ili watoto wenye selimundu wasiandikishwe upya. Mayala alishahama kazi, na hakuna mwingine aliyekumbuka. Watoto mia nne na kumi na wawili, pamoja na tarehe zao za kliniki, walikuwa ndani ya hicho kilichoitwa takataka, na nakala yetu ya akiba ilikuwa ya miezi saba nyuma. Mtaalamu alisema hospitali haiendeshwi kwa daftari. Sote tukatikisa vichwa kukubaliana naye, na hakuna aliyelifungua.

Siku hiyohiyo Afisa Utumishi alimwandikia barua ya onyo kwa ukaidi. Afisa huyo ni mimi, Fadhila Salum. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida, akasaini kuipokea, kisha akasema, “Mwanangu, nifukuzeni mkitaka, lakini watoto hao siwafuti.”

Kwa siku nne alipekua jedwali moja baada ya jingine kwenye nakala ya tovuti aliyoitengeneza kwa majaribio. Mkosaji alikuwa plagini ya picha za kupishana, ambayo hata sura yake tulishaisahau. Mipangilio yake ilibaki, mikubwa ajabu, na tovuti iliibeba yote kila mtu alipofungua ukurasa. Akaiondoa kwenye nakala kwanza, akaona hakuna kilichoharibika, ndipo akaigusa tovuti yenyewe. Ukurasa wa miadi ukafunguka papo hapo. Hakupotea mtoto hata mmoja kwenye orodha. Mtaalamu aliondoka bila kuaga.

Ila barua yangu ilibaki kwenye jalada lake miaka minne. Mwezi huu nilimwendea nikamwambia nitaichomoa kimyakimya. Alikasirika kweli. Alitaka iandikwe kwenye kaunta buku kama kitu kingine chochote, na sababu isomwe mbele ya watu. Kamati imeniambia jambo hilo halifai kwenye ratiba ya sherehe. Kamati itanisamehe.

Basi someni. Tarehe: 27 Juni 2025. Kinachoondolewa: barua ya onyo. Ni ya nani: Fadhila Salum. Sababu: aliyeonywa alikuwa sahihi, na aliyeonya hakusoma daftari. Kilichobaki: hakuna. Nilipoandika neno hilo la mwisho, aliniuliza kama nimehakiki. Nilikuwa sijahakiki.

Mama Projest, asante kwa kila ulichokataa. Migomba yako ya Mkolani, uliyoilazimisha kuota katikati ya mawe, sasa ikuone na mchana. Tunakuombea afya, wajukuu wenye adabu, na simu isiyopigwa na ofisi. Na lile swali lako ninalijibu leo, mbele ya wote. Nimelipekua jalada lako ukurasa kwa ukurasa, mara mbili. Nimehakiki, Mama.