Chai Iliyopoa ya Daktari wa Nyongo

"Siku ile, mpumbavu nilikuwa mimi."

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo marehemu alivyoanza somo lake kwa kila daktari mpya. Bila hata salamu. Leo tunamkumbuka daktari wa upasuaji, fundi wa kutoa kifuko cha nyongo kupitia matundu madogo ya tumboni, na mwimbaji mbovu kuliko wote waliowahi kuvaa barakoa. Ametutoka juzi, akiwa na miaka sabini na mbili.

Zamani alikuwa na mbwembwe. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, aliagiza chai yake imiminwe kabisa. Alitaka akitoka aikute ingali ya moto. Na aliikuta. Watu wakamsifia, kichwa kikavimba.

Siku ile mezani alilala mama mmoja mshonaji. Kamera tumboni, picha kwenye skrini. Muuguzi wa vifaa, ambaye daktari mwenyewe alimbatiza jina la Msumari, akauliza, "Daktari, hapo una uhakika?"

"Msumari, chai inapoa."

Akakata. Alidhani ni kamrija kadogo ka kifuko. Kumbe ni mrija mkuu, ule unaotoa nyongo kwenye ini kuipeleka utumboni.

Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hili alilila mshonaji. Miezi saba na mpira wa kutolea nyongo ubavuni, upasuaji mwingine mkubwa, cherehani imefunikwa shuka. Daktari alimwendea, akamweleza ukweli wote. Mama akamtazama.

"Mimi nikikosea gauni la mtu, nanunua kitambaa kingine. Wewe utaninunulia wapi?"

Daktari hakulala vizuri tena mpaka alipoweka utaratibu. Kabla ya kukata, safisha mafuta yote, kifuko kiachane na ini sehemu ya chini, vionekane vitu viwili vinavyokiingia: mrija wake na mshipa wake wa damu. Viwili, wasikilizaji. Si vitatu, wala si "nadhani viwili". Daktari aonyeshe kwenye skrini, muuguzi ahesabu kwa sauti. Asipohesabu, mkasi hautoki mkononi mwake. Visipoonekana, mwite mwenzako, au fungua tumbo. "Aibu ya kufungua," alisema, "hupona pamoja na kidonda."

Mjane wake anatuambia: "Nyumbani kwetu alikunywa chai baridi miaka ishirini na mitatu. Nikitaka kumpashia, 'Acha, mama watoto, nimeizoea.' Mwongo yule! Alikuwa anajikumbusha."

Kwa mjane, kwa binti zake wawili, na kwa Msumari, ambaye kichwa kimeota mvi lakini ulimi ni ule ule: poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: kazini kwetu, ni nani tuliyempa ruhusa ya kutuzuia mkono?

Maana hata yeye ilibidi azuiwe. Siku yake ya mwisho kazini, wenzake walishajaa ukumbini kumuaga, naye bado yuko chumba cha upasuaji na mgonjwa wake wa mwisho. Akanyoosha mkono.

"Msumari, mkasi."

"Hujanionyesha viwili."

"Dada yangu, vifuko elfu mbili nimetoa! Na utaratibu wenyewe ni wangu!"

Msumari hakuusogeza mkasi hata kidogo.

"Wewe umetoa elfu mbili, daktari. Huyu mama ana kimoja."