Sauti ya Msichana wa Tatu

Asubuhi ile kijiwe cha kahawa cha Bonga, kando ya barabara ya Dodoma, kilikuwa na kelele kama mnadani. Mwandishi mmoja wa redio alikuwa ametoa uchunguzi wake: wasichana wanne, waliokuwa waitikiaji wa Zefa, nyota wa nyimbo za injili, walisimulia alivyowadhalilisha safarini. Sauti zao zilibadilishwa wasitambulike. Melkiori alikaa mwisho wa benchi. Binti yake Joyness aliimba na Zefa mwaka mzima, kisha akahamia Mwanza, na tangu hapo hajakanyaga nyumbani.

— Hao wametumwa, alisema dereva wa bodaboda waliyemwita Wakili kwa ubishi wake. Waimbaji wenzake wana wivu, kaka!

— Wewe nawe! akadakia Sylvanus, fundi cherehani. Hao hata si watu. Siku hizi kompyuta inatengeneza sauti, na kulia inalia!

— Baba Joyness, alisema Wakili, si binti yako alikuwa akiimba naye? Aliwahi kulalamika?

Melkiori akatikisa kichwa. Kweli, hakuwahi. Hupiga simu Jumapili, huulizia mvua, huulizia ng'ombe, basi, anakata.

Mwalimu Scholastica, mgeni pale mtaani, alikuwa amesimama akingoja kahawa.

— Samahani kaka zangu, hicho kipindi mmekisikiliza?

Wakili akaitazama pikipiki yake. Sylvanus akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Mimi nimekisikiliza, alisema Melkiori.

Sauti ya msichana wa tatu ilifanywa nzito kama ya mwanamume. Lakini kila alipofika pagumu alisema "haya basi," polepole, kama Joyness utotoni kabla ya kumeza dawa chungu. Melkiori alitamani kuwaambia. Ila mtoto mwenyewe ameificha sauti yake. Yeye ni nani aitoe hadharani?

— Wanasema kweli, akasema.

— Umejuaje? aliuliza Sylvanus.

Aliweka kikombe chini, akavuka barabara, akapiga simu.

— Shikamoo baba. Mbona leo si Jumapili?

— Marahaba mama. Nimekukumbuka tu. Mahindi mabichi yapo tele huku.

— Baba, umesikiliza redio?

— Nimesikiliza.

— Ukasemaje?

— Nikasema wanasema kweli.

Alimsikia akilia taratibu, naye akangoja, simu kaikandamiza sikioni, malori yakipita.

— Nitakuja, baba. Ila stendi uje kunipokea wewe peke yako.